Kapu la pamba, maharage mekundu na mama mkwe wangu

Saa tatu na nusu usiku mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka tisa, alitoka chumbani ameziba mdomo kwa viganja. Hakufika chooni. Nikiwa bado natafuta tambara la kudekia, nikamsikia baba yake naye yuko nje ameegemea ukuta, anatapika kama mtu anayeng'oa kisiki. Tumbo langu lilikuwa limeshaanza kusokota, ila mama wa nyumba haumwi mpaka wengine wapone, kwa hiyo nikaendelea kudeki.

Tulikuwa tunakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kwa watu wa huku, nyumba nzima ikianza kutapika na kuharisha kwa pamoja, kuna jina moja tu linalokuja kichwani, na hakuna anayetaka kulitamka. Tunakumbuka mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, mwambao wa ziwa, kipindupindu kikaingia na wagonjwa wakapita 3,000. Jirani aliposikia vurugu alikuja mpaka dirishani, hakuingia. Akauliza, "Mama, mmekunywa maji ya wapi?" Nikamwambia maji ya kuchemsha kama siku zote. Akarudi nyuma hatua moja.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amelala fofofo: binti yangu wa miaka mitano. Huyu maharage hali. Ukimwekea anayatoa moja moja na kuyapanga ukingoni mwa sahani kama anahesabu mifugo. Usiku ule alikula ugali wa muhogo na dagaa, basi. Sikulitilia maanani.

Tulipofika zahanati, tabibu wa zamu, kijana mpole, alitupa maji ya chumvi na sukari, akapima joto, akauliza choo kikoje. Halafu akauliza tulikula nini. Nikataja. Akauliza tena, "Maharage mlikula saa ngapi?" Saa moja na nusu, nikamjibu. Akatazama saa yake. "Na uliyachemsha kwa muda gani, mama?"

Nikasema dakika tano.

Akaweka kalamu chini.

Sasa niwaeleze hizo dakika tano zilitoka wapi, maana si kwamba sijui kupika. Mimi nimekulia Ng'ambo, Tabora. Kwetu mboga ilikuwa mlenda, uyoga wa masika, karanga za kutwanga, kunde. Asubuhi ni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Maharage tuliyala, ila hayakuwa mfalme wa nyumba. Nilipopanda treni kuja kuolewa Kigoma ndipo nilipokuta watu ambao siku bila maharage wanaona hawajala. Yanatoka Kasulu, Buhigwe, Kibondo, kwa magunia. Na hakuna kitu kinachokula mkaa kama maharage. Gunia la mkaa lilipopanda bei, nikaanza kuogopa hata kuyaloweka.

Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenifundisha kapu. Unachukua kapu kubwa, unalijaza pamba na vipande vya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, unaacha shimo la kuingia sufuria, unashona na mto wa kufunika juu. Chakula kikishachemka jikoni unakiingiza humo na mfuniko wake, joto lake lenyewe linamalizia kazi. Wali unaiva kabisa, viazi pia, na maji ya chai yanakaa moto mpaka jioni. Nilijiona nimeupata utajiri. Ndipo nikasema leo ni zamu ya maharage.

Rafiki yangu aliniambia niyachemshe kwanza. Mimi nikaelewa kwamba sufuria likishatoa povu inatosha. Nilikuwa nimeyaloweka saa mbili tu, maharage mekundu makubwa ya gunia la muda mrefu, yale ambayo hata kwenye moto mkali yanakuringia. Yalipotokota dakika tano nikayaingiza kwenye kapu, nikaenda zangu kusahihisha madaftari. Baada ya saa nne nikafunua. Kwa macho yalipendeza, yamevimba na ganda limekunjamana. Nikaminya moja: nje lilikuwa laini, ila katikati kuna kiini cheupe kigumu kidogo, kama chaki. Nilikiona kile kiini. Ningesema sikukiona ningekuwa nadanganya. Lakini njaa ya watoto, uchovu wangu, nikaungia kitunguu na mawese, yakatokota kidogo, nikaepua.

Kufika saa saba usiku sote tulikuwa tumetulia. Hicho ndicho kilichomfanya tabibu azidi kuamini alichokifikiria. Kipindupindu hakiagi mapema hivyo. Alisema sumu hii huanza kati ya saa moja na tatu baada ya kula, inakukung'uta kisawasawa, halafu kwa watu wengi baada ya saa tatu au nne inaondoka yenyewe. "Si uchafu, mama," akaniambia. "Ni maharage yenyewe."

Neno hilo lilinikaa kifuani wiki nzima. Maharage yenyewe?

Nikaanza kusoma. Nitawaeleza nilivyoelewa, na kwa lugha yangu. Ndani ya maharage kuna aina ya protini iitwayo lektini. Hii ya maharage ina jina lake, fitohemaglutinini, refu kama treni ya mizigo. Mmea hauwezi kumkimbia mdudu wala kumpiga teke mnyama, kwa hiyo mbegu hujiwekea ulinzi wa kemikali. Jina lektini lilitolewa mwaka 1954 na Mmarekani William Boyd, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, kwa sababu protini hizi zilionekana zinachagua kundi la damu la kugandisha. Ya kwanza kabisa kuelezwa, mwaka 1888, ilitoka kwenye mbegu za mbarika, huu huu mnyonyo unaoota nyuma ya vyoo vyetu, ambao mbegu yake sote tulikatazwa tangu utotoni kuitia mdomoni.

Protini nyingi ukizila, tumbo linazikatakata. Lektini ya maharage mabichi haikatiki kirahisi. Inapita tumboni ikiwa bado nzima, inafika kwenye utumbo mwembamba. Sasa ukuta wa ndani wa utumbo huo si ngozi nene kama ya mkononi. Ni safu moja tu ya seli, zimesimama bega kwa bega, na juu yake kuna vijidole vidogo mno vya kunyonya chakula, vyote vimepakwa ute. Kwenye uso wa seli hizo kuna minyororo ya sukari. Lektini inaikamata minyororo ile kama kishonanguo kinavyokamata khanga ukipita kwenye majani. Ikishanata, vijidole vinaharibika, unyonyaji unavurugika, na ule ukuta wa bega kwa bega unalegea ukapitisha visivyotakiwa kupita. Mwili unafanya unachojua: unatoa vyote, juu na chini.

Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba punje nne au tano tu za maharage mekundu mabichi zinatosha kumwangusha mtu kwa tumbo. Punje tano! Mwanangu alikula sahani mbili. Uingereza ilirekodi matukio saba ya namna hii kati ya 1976 na 1979, mengi yakiwa ya watu walioloweka maharage na kuyala bila kuyapika, kwenye saladi. Huko ni kwao. Lililonitoa jasho mimi ni hili: maharage yakipashwa moto wa nyuzi 80 hivi bila kuchemka barabara, sumu hiyo haipungui, inaweza kuongezeka hadi mara tano kuliko yakiwa mabichi. Wenzetu wenye vyungu vya umeme vya kupika polepole wanaonywa kila siku wasipikie humo maharage mekundu yasiyochemshwa. Na kapu langu la pamba ni kitu gani, kama si chungu hicho hicho bila waya?

Moto mkali ndio unaoimaliza. Joto la kuchemka linaifumua protini ile, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango, haurudi tena ulivyokuwa. Vipimo vinaonyesha maharage mekundu mabichi yana kati ya vizio 20,000 na 70,000 vya lektini, na yakishaiva vizuri yanabaki na kati ya 200 na 400 tu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuloweka angalau saa 12, kisha kuchemsha kwa nguvu angalau dakika 10. Wamarekani wao wanasema 30. Mimi nimechagua 30, hasa kwa kuwa ziwa letu liko mita 770 na kitu juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, hayafiki 100. Kasulu ni juu zaidi.

Na Kasulu ndiko alikotoka mama mkwe wangu, siku tatu baada ya mkasa, amekuja kuwaangalia wajukuu. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba akiwa tayari anaelekea jikoni. Alisikiliza hadithi nzima ya kapu bila kunikatiza. Kisha akalifunua, akaingiza mkono kwenye pamba, akauliza, "Humu ndimo ulimoyalaza?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, maharage hayapikwi kwa kubembelezwa."

Jioni ile aliyaloweka. Asubuhi akayamwaga maji yake yaliyokuwa yamegeuka kama chai ya rangi, akayasuuza mara mbili, akatia maji mapya. Moto aliouwasha ungeweza kuchoma tofali. Sufuria lilipoanza kutokota hakulifunika. Alikaa nalo, anachota povu la kijivu kwa mwiko na kulimwaga kwenye majivu. Hakuwa na saa. Alichambua fungu zima la lengalenga, akamenya vitunguu, akanisimulia msiba mmoja wa kijijini kwao tangu kufa mpaka arobaini, ndipo akapunguza kuni. Baadaye niliangalia simu: dakika arobaini na tano za moto mkali. Hajawahi kusikia neno lektini. Nilipomuuliza kwa nini anamwaga maji ya kwanza, akasema, "Yanajaza tumbo upepo."

Hapo yuko sahihi, japo upepo na sumu ni vitu viwili. Gesi ya maharage inatokana na sukari fulani ambazo sisi binadamu hatuna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita mpaka utumbo mpana, bakteria wanazifanyia karamu, gesi inatoka. Kuloweka na kumwaga maji kunazipunguza. Inakera, hasa ukiwa kwenye basi la Kasulu, lakini haikwaruzi utumbo.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi fupi. Ila binadamu akiumwa na nyoka anaogopa ung'ongo. Kwa miezi kama minne nilifuta maharage nyumbani. Na ukishaanza kutafuta habari za lektini kwenye simu, simu nayo inakutafuta. Nikaletewa video za watu wenye makoti meupe wanasema lektini zinatoboa utumbo, acha maharage, acha nyanya, acha ngano, acha karanga. Karanga! Mnyamwezi aache karanga! Lakini niliogopa. Tukala wali mweupe, chapati, sembe iliyokobolewa, mayai, soda siku za wageni.

Utumbo wangu haukushukuru. Choo kikawa kigumu kama udongo wa kichuguu, siku tatu mpaka nne bila kwenda, na nikienda natoka na damu kidogo na machozi. Mwanangu naye akaanza kulalamika tumbo la chini. Nilirudi kwa yule tabibu. Aliniuliza ninakula nini, nikamhesabia. Akacheka kabisa, bila kujificha. "Umemfukuza mwizi," akasema, "na mlinzi naye umemfukuza."

Alichonieleza siku ile ndicho kilichonirudishia maharage. Maharage yaliyoiva yana nyuzinyuzi na wanga sugu, vitu ambavyo utumbo mwembamba hauwezi kuvimeng'enya. Vinateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanavichachusha, na kwenye uchachu ule wanatengeneza asidi ndogondogo, mojawapo inaitwa butireti. Seli zinazofunika utumbo mpana zinaitumia butireti kama sisi tunavyotumia ugali: sehemu kubwa ya nguvu zake, karibu asilimia 70, zinaipata humo. Kwa hiyo ukuta wa utumbo mpana haulishwi na damu peke yake, unalishwa pia na kile kinachopita mbele yake. Ukiwanyima bakteria nyuzinyuzi, baadhi yao wanageukia ute unaoulinda ukuta na kuanza kuula. Mimi nilikuwa nimekaa miezi minne nawalisha bakteria wangu ukuta wa nyumba yangu.

Na punje ni ile ile. Ndani ya ganda moja kuna kile kinachoshambulia utumbo na kile kinachoulisha, cha kwanza kinakufa kwa moto na cha pili hakifi. Nikikumbuka hilo huwa nachukia zile video upya, maana wenye makoti meupe walizungumza habari za punje mbichi, na mimi nani aliniambia nile mbichi?

Mwaka 2025 matokeo ya utafiti mmoja wa Kilimanjaro yalichapishwa kwenye jarida la Nature Medicine. Waliwachukua wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili wakapewa vya kizungu kwa wiki mbili, na waliozoea vya kizungu wakapewa vya asili, yaani ndizi, maharage, bamia, mboga za majani, ugali. Wengine walikunywa mbege kwa wiki moja. Walioingia kwenye vyakula vya kizungu, dalili za kinga ya mwili kuwaka (inflamesheni) zilipanda. Walioenda vya asili zilishuka, na mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili tu! Nilimsomea mume wangu. Akasema kwa hiyo baba yake kule Kasulu amekuwa akifanya utafiti miaka themanini bila posho.

Nina jirani mwenye vidonda vya tumbo, na yeye kila anayekutana naye anamwambia aache maharage. Ameacha, ana miaka miwili. Lakini kila asubuhi anameza diklofenaki ya mgongo, mara nyingi kabla hajala kitu, na kipimo cha bakteria hajawahi kufanya. Dawa za jamii hiyo zinazuia kemikali ambayo mwili unaitumia kuutengeneza ute wa tumbo, na sehemu kubwa ya vidonda inaletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa bakteria huyo yeye mwenyewe ili watu wamwamini. Mwaka 2005 akapata Nobel pamoja na mwenzake Robin Warren. Maharage yanaweza kumchoma mwenye kidonda kibichi, sibishi, mwache ayapumzishe. Ila kuyapa maharage kesi nzima na kukiachia huru kidonge cha asubuhi, hapo nimembishia mpaka tukanuniana siku mbili. Sasa amekwenda kupima.

Baada ya hapo nimeanza kuwatazama wanawake wa huku wanavyopika kwa jicho jingine. Sombe, kwa mfano. Majani ya muhogo yana kitu ambacho jani likipondwa kinatoa sianidi. Mama mkwe anayatwanga kwenye kinu mpaka yanakuwa uji wa kijani, anayachemsha muda mrefu sufuria likiwa wazi, ndipo anatia mawese. Kutwanga kunakikutanisha kile kitu na kimeng'enya chake, sumu inatoka, na mvuke unaondoka nayo. Siku moja nilitaka kuyasaga kidogo tu na kuyapika haraka yabaki na rangi nzuri ya kijani. Alininyang'anya mwiko.

Kapu sikulitupa. Lilihitaji tu kupewa kazi yake halali. Maharage nayaloweka usiku kucha, namwaga maji, nayachemsha kwa moto mkali nusu saa kwa saa ya simu, mfuniko wazi, naminya punje tatu kutoka sehemu tatu za sufuria. Ndipo yanaingia kwenye pamba kumalizia kulainika. Mkaa ninaookoa si kama nilivyoota mwanzo, lakini upo. Magadi situmii, yanalainisha haraka ila yanaua vitamini B1, na yanamdanganya mpishi, kwamba yameshalainika basi yameshaiva.

Mara ya kwanza nilipoyarudisha mezani, mama mkwe alikuwapo. Nikatoa sufuria kwenye kapu mbele yake. Akachukua punje moja, akaiminya kwa kidole gumba, ikapasuka yote mpaka katikati. Akatia nyingine mdomoni, akaitafuta kwa ulimi. "Yameiva," akasema. "Lete mawese."

Watoto wakala. Binti yangu akayapanga yake ukingoni mwa sahani kama kawaida. Mume wangu alinawa mikono, akamega tonge, akalishika, akaniangalia.

"Anza wewe," akasema.

Mpaka leo, siku za maharage, nikimaliza kupakua huwa nasikia kiti chake kinasogea, lakini mkono wake hauendi kwenye bakuli mpaka wangu uwe umeshakwenda.